Kipimo Kidogo, Bei Kubwa

Mafuta ya kula ya kupima ndiyo mafuta ghali kuliko yote mjini, na mnunuzi wake mkubwa ni yule asiye na hela. Kama unabisha, fanya hesabu leo hii. Mtume mtoto dukani kwa Mangi akalete mafuta ya 500, kisha uyamimine kwenye chupa ya kunyonyeshea, ile yenye alama za mililita ubavuni. Tuseme yamefika mililita 60. Lita moja ina vipimo vya namna hiyo 16 na ushee, kwa hiyo kufikisha lita umelipa zaidi ya 8,000. Sasa uliza lita nzima, dukani hapo hapo, inauzwaje. Ukiambiwa 6,500, ujue kila lita inayoingia jikoni kwako kwa mtindo huo inakutoza karibu 2,000 za ziada. Na nyumba ya watu sita, inayokaanga samaki na kuunga mboga kila siku, haimalizi mwezi kwa lita tatu.

Hapo hakuna aliyekuibia. Mangi ananunua dumu, anasimama kutwa, mengine yanamwagika, na mwisho wa siku ndiye anayekuandika kwenye daftari ukikwama. Analipwa kwa kazi hiyo. Swali ni kama wewe ndiye unayepaswa kumlipa kila siku, tena kwa kila kitu: mafuta, mkaa, sabuni, unga, pampasi.

Nimeanza na mafuta kwa sababu ushauri mwingi tunaopewa akina mama kuhusu kubana matumizi huanzia kwingine. Punguza nyama, acha soda, usinunue vitenge. Mwanamke wa Mbagala anayeachiwa 10,000 ya kulisha watu sita hana nyama ya kupunguza. Kinachommaliza ni kununua kila kitu siku ile ile anayokihitaji, kwa kipimo kidogo kuliko vyote vilivyopo. Ndiyo maana sitakuambia ule kidogo. Kazi ni kuitanguliza nyumba mbele ya mahitaji yake, hata kwa wiki moja tu: unga wa kesho uwe ndani kabla ya kesho.

Anza na kitu kimoja. Ukijaribu kubadilisha yote kwa mpigo utachoka siku ya nne. Chagua kile ambacho tofauti ya bei kati ya kupima na kununua kizima ni kubwa, na kwa nyumba nyingi kitu hicho ni mafuta. Weka pembeni 500 kila siku mpaka ufikishe lita moja. Lita hiyo ikitumika, ile hela uliyokuwa unampelekea Mangi kila jioni iende kwenye kopo la akiba. Ikitimia, nunua lita mbili, halafu dumu la lita tano. Mafuta yakishajisimamia, faida yake inunue mche mzima wa sabuni badala ya kipande. Kisha unga. Kisha gesi. Mtaji wa jiko hujengwa hivyo, kitu kimoja kikibeba kingine, na unaweza kuchukua miezi kadhaa bila wewe kukopa kwa mtu.

Ila si kila kitu kinafaa kununuliwa kwa wingi. Sukari, kwa mfano. Kilo ikiuzwa 3,000, robo itauzwa 800 badala ya 750, kwa hiyo kwenye kilo nzima unapoteza 200 tu. Wakati huo huo sukari iliyojaa kwenye kopo kubwa huisha haraka kuliko ya robo robo, kwa sababu kila mtu anachota kwa macho. Sukari naiacha kwa Mangi bila majuto. Unga wa ngano ni hivyo hivyo, maana ukiwepo ndani kila jioni itakuwa chapati. Na dumu la mafuta likishaingia nyumbani, lifungie kabatini. Jikoni ipelekwe chupa ndogo ya kujazwa mara moja kwa wiki. Dada wa kazi aambiwe wazi kwamba chupa ikiisha Alhamisi, Ijumaa ni mchemsho.

Kwenye unga ndiko kuna hela nyingi. Mahindi ya nyanda za juu kusini, ya Mbeya, Rukwa, Njombe na Songea, huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na kufikia Julai na Agosti masoko ya nafaka kama Tandale yamefurika. Bei huwa chini hapo. Kuanzia Januari hadi Machi, stoo za wakulima zimepungua na mvua zimeharibu barabara za vijijini, na debe lile lile linakuwa na bei nyingine kabisa. Familia ya watu sita inayosonga ugali mara moja kwa siku, kilo moja na nusu, hula gunia la kilo 100 kwa miezi miwili na kidogo. Magunia mawili ya Agosti yanakufikisha Krismasi. Kama unaishi chumba na sebule huna pa kuyaweka, na hela ya magunia mawili kwa mpigo ni ndoto, lakini gunia moja wakiligawana wanawake watatu linaingia hata uvunguni mwa kitanda.

Kabla ya kulipa, hakikisha mahindi yamekauka. Njia rahisi ni ya chumvi: tia mahindi kiasi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa, subiri kama robo saa, tikisa tena. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, achana nayo. Yaliyokauka yaweke kwenye ile mifuko ya tabaka tatu inayoitwa PICS, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kusuka nje. Ukifunga vizuri, hewa inaisha humo ndani na wadudu wanakufa bila dawa yoyote. Usiufungue kila siku. Toa ya wiki mbili kwa wakati mmoja, peleka mashineni, funga tena.

Saga dona. Mahindi yakikobolewa, sehemu ya uzito uliolipia inabaki mashineni kama pumba, na pamoja nayo virutubisho vingi, halafu unalipa hela ya kukoboa juu yake. Watoto wakigoma, changanya nusu dona nusu sembe na uwazoeze taratibu. Dona lina mafuta ya kiini, kwa hiyo halikai muda mrefu kama sembe; ndiyo sababu nimesema ya wiki mbili.

Kuna mahindi ya bei rahisi ambayo hata ya bure usiyachukue. Yale yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, yaliyovunjika na kunuka uvundo, huweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo, na haiondoki kwa kupika wala kwa kusonga ugali mpaka uive sana. Karanga zilizosinyaa ni vivyo hivyo. Mama anayesaga unga wa lishe wa mtoto achambue punje kwa punje, na karanga asizisage humo: huchacha mapema na kuharibu unga wote. Saga karanga kidogo pembeni, weka kijiko kwenye uji wakati wa kupika.

Kuhusu safari ya sokoni, hesabu nauli kwanza. Tangu Desemba 2023 nauli ya chini ya daladala Dar es Salaam ni 600, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 1,200, bado bodaboda au guta la kubebea mzigo. Kama unafuata mafungu matatu ya nyanya na kabichi, genge la mtaani linakushinda kwa unafuu. Safari ya Tandale, Mabibo au Ilala inalipa mkienda kwa zamu: mmoja anabeba hela na orodha ya wanne, wengine wanamwangalizia watoto. Samaki wa Feri pale Magogoni ndivyo wanavyonunuliwa na wajanja. Ndoo inanunuliwa mnadani, inagawanywa nyumbani. Ukifika sokoni tazama kipimo kabla ya bei. Kisado kikiwa kimebonyezwa chini, au kimekatwa mdomo, bei nzuri ya muuzaji haina maana. Mizani inapaswa kuwa na alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo. Na usione haya kusema "nipimie tena".

Dagaa wa Mwanza kisado kimoja, waliokaushwa vizuri, hukaa wiki kadhaa bila friji. Chambua, osha mchanga, kaanga wakauke, weka kwenye chombo chenye mfuniko. Hapo una kitoweo cha siku ambayo kodi ya meza haikuachwa. Matembele panda mwenyewe; unaomba vijiti kwa jirani, unachomeka kwenye gunia lenye udongo na samadi nyuma ya nyumba, unamwagilia maji uliyosuuzia mboga. Sijaona mboga nyingine inayorudisha fadhila haraka hivyo kwa mtu asiye na shamba.

Nishati nayo ni kama mafuta: inaumiza zaidi ikinunuliwa kwa kipande. Mkaa wa 2,000 kwa siku ni 60,000 kwa mwezi. Linganisha na bei ya kujaza mtungi wa kilo 15 mtaani kwako, na siku unayoufunga andika tarehe kwa kalamu ya rangi kwenye mtungi wenyewe. Ukiisha, hesabu siku. Wengi watakuta gesi imeshinda mkaa, bila kuhesabu masizi na macho yanayowasha. Kikwazo ni hela ya kuanzia, mtungi na jiko, ndiyo maana nimeiweka mwisho kwenye mpangilio ule wa akiba. Unapojaza, dai mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ongeza kilo 6 au 15, mizani ionyeshe jumla hiyo. Muuzaji anayekasirika ukimwomba mizani amekujibu tayari.

Lakini maharage usiyachemshe kwa gesi kila siku, utalia. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha ya siku kadhaa kwa mkaa mara moja, sufuria kubwa, mfuniko umekaa sawa, kisha gawanya kwenye vyombo uweke kwenye friji na uunge kidogo kidogo. Kama huna friji, chemsha ya siku mbili tu na uyachemshe tena asubuhi yasichache. Na hapa kipimo kidogo kinaweza kushinda: yule mama anayeuza maharage yaliyochemshwa tayari kando ya barabara anapika debe zima kwa moto mmoja. Kwa nyumba ya watu watatu, maharage yake ya 1,000 huenda yakawa rahisi kuliko mkaa wako peke yake. Hesabu, usikariri.

Umeme una siri yake kwenye risiti. Mteja wa nyumbani aliye daraja la D1, la watu ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi, analipa 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Aliye T1 analipa 292. Ni karibu mara tatu. Gawanya kiasi ulichotumia kununua LUKU kwa uniti ulizopata, utajua uko wapi. Kama matumizi yako ni madogo mwezi hadi mwezi na bado uko T1, nenda ofisi ya TANESCO ukaombe kuangaliwa. Wapangaji watano kwenye mita moja hawawezi kufika D1 hata wakizima taa saa mbili, kwa hiyo hapo dawa ni kumwomba mwenye nyumba awekee kila mpangaji mita yake ya TANESCO. Itapunguza na ugomvi. Mengine ni hesabu ya wati. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja, birika la umeme la wati 2,000 linakula uniti hiyo kwa nusu saa, wakati taa ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 100 kufika huko. Piga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja Jumapili, na acha kuwasumbua watoto kwa taa.

Na ile 1,500 inayokatwa mwanzo wa mwezi kwenye LUKU ni kodi ya jengo. Mzigo huo ni wa mwenye nyumba. Mpangaji uliyelipa tunza jumbe za risiti, mwisho wa mwaka zinafika 18,000, zungumza naye zipunguzwe kwenye kodi ya pango.

Maji kwa kifupi: uniti moja ya DAWASA ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Ukinunua dumu kwa jirani kwa 100, unalipa 5,000 kwa uniti. Tazama bei ya uniti kwenye bili ya huyo jirani, kisha mwombe mkubaliane kulipa kwa mwezi.

Kwa mwenye mtoto mchanga, pampasi zinaweza kuzidi chakula. Pampasi 5 kwa siku kwa 500 moja moja ni 75,000 kwa mwezi. Nepi za kitambaa mchana na pampasi moja usiku inabaki 15,000, ukiongeza sabuni na maji. Kama maji unayanunua kwa dumu, tofauti hiyo inapungua, ila bado ipo. Maziwa ya kopo kwa mtoto wa chini ya miezi sita ni gharama ambayo nyumba nyingi huingia bila sababu ya daktari, kwa kuambiwa tu na shangazi kwamba maziwa ya mama hayatoshi. Nenda kliniki mtoto apimwe uzito. Akiongezeka inavyotakiwa, yanatosha.

Januari tunaijua. Ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini sare, viatu, madaftari, mabegi na michango havikuondoka. Bei ya Kariakoo wiki ya kwanza ya Januari ni bei ya mtu asiye na pa kukimbilia. Kitambaa kinunuliwe Oktoba, fundi akiwa hana foleni, na umwambie aache pindo refu kwenye sketi na suruali ili mwakani lishushwe. Madaftari yachukuliwe kwa dazeni, mgawane mama wawili watatu. Sweta la kaka lishuke kwa mdogo hata akinuna, atazoea. Kwenye twisheni mimi ni mgumu kidogo. Mtoto wa darasa la pili anayelala saa nne usiku kwa sababu ya twisheni analipiwa uchovu.

Haya yote yanahitaji hela nyingi ije kwa siku moja, na hapo ndipo mchezo wa kijumbe una kazi yake. Wanawake kumi wakicheza 5,000 kwa wiki, kila mmoja anapokea 50,000 kwa zamu. Wengi wetu tunagombania namba ya kwanza. Kwa mwenye mpango, namba nzuri ni ile inayoangukia msimu: ya Julai au Agosti kwa mahindi, au ya Oktoba kwa sare. Muulize kijumbe mapema, badilishana na mwenzio. Vikoba navyo, vingi huvunjwa Desemba, hela ikiingia mkononi siku chache kabla ya sikukuu. Kabla ya siku ya kuvunja, andika nini kitanunuliwa kwa fungu hilo, na kilicho cha Januari kilipwe siku hiyo hiyo kisilale nyumbani.

Na ukikwama, usikimbilie mikopo ya kausha damu. Tuseme umepewa 100,000 urejeshe 5,000 kila siku kwa siku 26. Hiyo ni 130,000 ndani ya mwezi, na wanawake wenzako wa kundi wamekuja kukaa mlangoni kwako siku ya tatu ukichelewa. Hakuna biashara ya vitumbua inayozaa faida kama hiyo, achilia mbali mkopo ulioliwa kwa kodi ya nyumba. Mikopo midogo ya simu, ya kuongezea salio likipungua, ina makato yanayoonekana machache kila mara. Chukua taarifa ya miamala ya mwezi mzima uyajumlishe, kisha jumlisha pia makato ya kutoa hela kwa wakala mara tatu kwa wiki. Lipa kwa namba ya duka pale inapowezekana, au toa mara moja.

Sasa michango. Hapa tutagombana, lakini niseme. Kitchen party, send-off, harusi, arobaini, kipaimara, maulidi, kila moja na sare yake ya kitenge ambayo haitavaliwa tena kwa kuwa picha zimeshapigwa. Msiba ni jambo jingine. Msibani mtu anakwenda na anachotoa anatoa. Ila kwenye sherehe panga mwanzoni mwa mwaka kiasi ambacho nyumba yako itachangia kwa mwaka mzima, gawanya kwa watu wako wa karibu kweli, na wengine waambie mapema, kabla ya kikao cha pili: "Dada, mimi nitakuja kusaidia kupika, na nitatoa 10,000." Anayetaja kiasi kidogo mapema anaheshimiwa kuliko anayeahidi 50,000 na kuzima simu. Sare ukikosa, vaa gauni la rangi inayokaribiana. Nani atakutoa ukumbini?

Kuna njia moja ya kubana matumizi ambayo akina mama wanaitumia sana na haitajwi: mama kula mwisho, au kutokula. Anagawa, sahani zinatoka, yeye anakomba sufuria na kunywa chai. Hata mjamzito na anayenyonyesha hufanya hivyo, na ndio wanaohitaji chakula kuliko wote pale mezani. Akiishiwa damu, gharama yake italipwa hospitali, tena kwa mkopo. Pakua sahani yako kwanza, ifunike, ndipo ugawe. Yai au dagaa wa mtoto aliye chini ya miaka miwili yasiguswe kwa jina la kubana matumizi.

Na hakuna kati ya haya litakalosimama kama kodi ya meza inaachwa kila asubuhi 10,000 kwa 10,000. Hela ya siku hununua kipimo cha siku. Kwa mume wa mshahara, omba hela ya wiki, au umwombe alipe vitu vitatu yeye mwenyewe mara moja kwa mwezi, unga, mafuta na gesi, halafu ya kila siku ipungue kwa kiasi hicho. Wanaume wengi hawapendi kuongeza hela ya matumizi lakini hupenda kuonekana wakishusha gunia mlangoni, na hilo halina ubaya wowote kwako. Kwa dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, wiki ni ndefu mno. Yeye aombwe siku moja ya biashara nzuri, Jumamosi kwa mfano, iwe ya kitu kimoja kikubwa. Mwonyeshe hesabu kwenye karatasi, ya kupima na ya kizima, bila kumlinganisha na mume wa jirani. Na kama ni mtu wa mshahara, mwambie tarehe 20. Ukingoja tarehe 5, utakuta mshahara umeshagawanywa.